Hasara Iliyochelewa Kutangazwa Bado Ni Hasara

Kampuni ambayo mwaka wake wa mapato huisha Desemba inatakiwa iwe imewasilisha ritani kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ifikapo Juni 30 ya mwaka unaofuata. Mkoani Singida tarehe hiyo huangukia katikati ya msimu wa alizeti. Magunia yanaingia kutoka Iramba, Mkalama na Ikungi, mashine za kukamua zinafanya kazi hadi usiku, na kila shilingi ya mwenye kiwanda iko kwenye mzani wa kununulia mbegu. Ritani husahaulika. Ikiwa mwaka uliopita biashara ilikula hasara, husahaulika kwa wepesi zaidi, maana imani iliyoenea ni kwamba asiyepata faida hana cha kutangaza. Mwaka wa pili wa hasara hupita hivyo hivyo, na wa tatu. Kisha unakuja mwaka mzuri, kiwanda kinapata faida, na ndipo mwenyewe anaambiwa na mhasibu kwamba zile hasara za nyuma zingempunguzia kodi, kama zingekuwa zimeandikwa mahali. Hapo anaanza kuandaa ritani tatu kwa mpigo, kila moja ikiwa imechelewa, kila moja ikionyesha hasara. Nashikilia kwamba mtu huyu anastahili kusikilizwa kwa uzito kuliko anavyosikilizwa sasa. Kuchelewa kwake ni kosa, na kosa hilo lina adhabu yake katika sheria. Hasara yake ni jambo lililotokea kweli, na adhabu ya kuchelewa haipasi kupangwa kwa namna inayoifuta.

Sheria yenyewe, katika msingi wake, iko upande wa hoja hii. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, Sura ya 332, inaruhusu hasara ya biashara ambayo haikufidiwa ipelekwe mbele na kutolewa kwenye mapato ya miaka inayofuata. Sababu yake inaeleweka. Biashara haiishi kwa kalenda. Mtu ananunua mashine mwaka huu, anatafuta wateja mwaka ujao, faida inaonekana mwaka wa nne. Mwaka wa mapato ni mkasi tu unaotumika kukata kitambaa kirefu ili Serikali iweze kukusanya kodi kwa vipindi. Tukitoza faida ya mwaka wa nne na kuisahau hasara ya mitatu iliyotangulia, tutakuwa tumetoza kodi mtaji wa mtu na kuuita mapato. Hakuna mahali sheria inapotoa haki hii kwa wale tu waliowahi tarehe. Hata hivyo haki hiyo haiwezi kutumika hewani: lazima hasara iwe imekokotolewa, ikatangazwa kwenye ritani ya mwaka wake, na ikafuatwa mwaka hadi mwaka bila kuruka. Asiyewasilisha ritani ya 2021 hana hasara ya 2021 ya kupeleka 2022, hata kama kila jirani aliona mashine zake zimelala.

Kwa nini nizungumzie Singida? Kwa sababu ni vigumu kupata mkoa ambao hasara za mfululizo ni jambo la kawaida kiasi hiki kwa biashara halali kabisa. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, na haina uhakika. Mbegu za alizeti zikiisha ghalani, mashine husimama hadi mavuno mengine, huku riba ya mkopo ikiendelea kuhesabiwa na mlinzi akiendelea kulipwa. Juu ya hayo yote kuna bei inayopangwa mbali na Singida. Zaidi ya nusu ya mafuta ya kula yanayotumika nchini huagizwa, mengi yakiwa ya mawese, hivyo bei ya dumu la mafuta ya alizeti linalouzwa kando ya barabara kuu haitegemei mkulima wa Mkalama peke yake. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022, na Indonesia ilipozuia kwa wiki kadhaa mawese yake yasiuzwe nje mwezi Aprili na Mei mwaka huo huo, bei ya mafuta ilipaa. Kuanzia katikati ya mwaka ikaporomoka katika soko la dunia. Mkamuaji aliyejaza ghala lake kwa mbegu za bei ya juu alijikuta akiuza mafuta katika soko lililokwisha kugeuka. Katika bajeti ya 2022/23 Serikali ilipunguza ushuru wa forodha kwa mafuta ya kula yanayotoka nje ili kumpunguzia makali mlaji, na msimu wa 2023 wakulima na wabunge wa mikoa ya kati wakapaza sauti kwamba bei ya alizeti imeanguka. Katika bajeti iliyofuata ushuru ukapandishwa tena. Waziri wa Fedha wa kipindi hicho, Dkt. Mwigulu Nchemba, ni mbunge wa Iramba, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba habari za alizeti hazikufika Hazina. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba Serikali, kwa sababu zake halali, ilikuwa mmoja wa waliochangia hali iliyozaa hasara hizo. Haiwezi baadaye kuzitazama kana kwamba zimetungwa.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana hapa ndipo jambo linapoonekana wazi. Tuchukue kampuni ya kufikirika yenye kiwanda kidogo cha kukamua, mauzo yake yakiwa shilingi milioni 400 kwa mwaka. Mwaka 2021 ilipata hasara ya milioni 30, mwaka 2022 milioni 20, mwaka 2023 milioni 25. Jumla ni milioni 75. Mwaka 2024 ikapata faida ya milioni 60. Kodi ya kampuni ni asilimia 30, kwa hiyo bila hasara za nyuma inadaiwa milioni 18. Hasara zikitambuliwa, faida yote ya 2024 inafunikwa na bado zinabaki milioni 15 za kupeleka 2025. Tofauti ni milioni 18, fedha ambazo kiwanda kidogo kinazihitaji sana kununulia mbegu za msimu. Lakini ritani za miaka mitatu hazikuwasilishwa. Kampuni inaziandaa zote na kuzipeleka mwishoni mwa Juni 2025, siku moja na ritani ya 2024 ambayo iko ndani ya muda. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015, Sura ya 438, inasema anayechelewa kuwasilisha ritani atalipa, kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, kiasi kilicho kikubwa kati ya viwili: asilimia 2.5 ya kodi ambayo haijalipwa, au pointi 5 za thamani ya fedha kwa mtu binafsi na pointi 15 kwa kampuni. Sheria hiyo ilipotungwa pointi moja iliwekwa kuwa shilingi 15,000, hivyo kwa thamani hiyo pointi 15 ni shilingi 225,000 kwa mwezi. Ritani ya 2021 imechelewa miezi 36, ya 2022 miezi 24, ya 2023 miezi 12. Jumla ni miezi 72. Zidisha kwa 225,000 upate shilingi 16,200,000.

Msomaji aitazame tena hesabu hiyo. Hasara zenye nafuu ya kodi ya milioni 18 zimeambatana na adhabu ya milioni 16.2, ambayo inalipwa taslimu na kampuni iliyotoka kwenye miaka mitatu ya kupungukiwa. Pointi ikipandishwa thamani, adhabu inaipita nafuu yenyewe. Na katika miaka ya hasara ile asilimia 2.5 haina kazi, kwa kuwa hakuna kodi ya kutosha ya kuizidisha, basi kinachobaki kutumika ni kile kiwango cha pointi ambacho hakiulizi kama kampuni ina faida au inazama. Kampuni yenye mauzo ya milioni 400 na hasara inatozwa kwa mwezi sawa sawa na kampuni yenye faida inayodaiwa kodi ya milioni 9, kwa kuwa asilimia 2.5 ya milioni 9 ndiyo hiyo hiyo 225,000. Siamini kwamba Bunge lilikusudia hivyo. Lilikusudia kumzuia mtu asicheleweshe kodi ya Serikali, na kwa mwenye faida adhabu hiyo inafuata ukubwa wa deni. Kwa mwenye hasara haifuati chochote isipokuwa kalenda.

Matokeo yake katika tabia za watu ni mabaya kuliko upotevu wa fedha. Mhasibu mwaminifu akimpigia hesabu hiyo mwenye kiwanda, jibu la kwanza la mwenye kiwanda ni kuuliza kama kuna haja ya kujitokeza. Akikaa kimya anapoteza nafuu ya milioni 18. Akijitokeza anaipata nafuu hiyo na kulipa milioni 16.2 papo hapo, pamoja na ada ya mhasibu wa kuthibitisha hesabu za miaka minne, maana ritani ya kampuni lazima ipitiwe na mhasibu aliyesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Wapo watakaochagua njia ya tatu: kufunga kampuni hiyo kimyakimya na kusajili nyingine yenye jina jipya, au kurudi kuuza bila risiti. Kila mmoja anayefanya hivyo ni mlipakodi ambaye nchi imempoteza. Adhabu inayomfanya mkosaji aone afadhali kujificha imeshindwa kazi yake ya kwanza.

Kuna jambo lingine ambalo wafanyabiashara wengi hawalijui, nalo linahusu neno mfululizo. Sheria yetu huhesabu miaka ya hasara inayofuatana na kuipa maana ya pekee. Kampuni iliyo na hasara mwaka huu na miaka miwili iliyotangulia hulipa kodi ya kiwango cha chini inayokokotolewa kwa mauzo, hata kama haina faida ya senti moja. Kilimo, afya na elimu vimeachwa nje ya kanuni hiyo. Kiwango chake kilianza kuwa asilimia 0.3 ya mauzo, kikawa 0.5, na Sheria ya Fedha ya 2025 imekifikisha asilimia 1. Kwa kampuni yetu ya mfano, mwaka 2023 ndio wa tatu wa hasara, kwa hiyo kwa kiwango cha wakati huo ilidaiwa milioni 2 bila kujua, na riba ikaanza kukimbia. Halafu kuna kanuni iliyoletwa na Sheria ya Fedha ya 2020: aliyepata hasara miaka minne mfululizo hawezi tena kufuta mapato yake yote kwa hasara za nyuma, lazima sehemu ya mapato ya mwaka huo ibaki ikitozwa kodi, sehemu ambayo sheria hiyo iliiweka kuwa asilimia 30. Kama kampuni yetu ingekuwa na hasara mwaka 2020 pia, kati ya milioni 60 za 2024 milioni 18 zingetozwa kodi, yaani shilingi 5,400,000. Kanuni hizi mbili zinabadilisha kabisa namna ya kuandaa ritani zilizochelewa. Huwezi kurundika hasara zote kwenye mwaka mmoja unaokufaa. Huwezi kuruka mwaka mmoja wenye faida ndogo ili mnyororo uonekane mrefu, wala kukata mnyororo ili ukwepe mwaka wa tatu. Mwaka wa zamani kabisa ndio unaoanza, hasara yake inaingia wa pili ikiwa imepunguzwa na chochote kilichopatikana, na hivyo hivyo mpaka mwaka wa sasa. Wanaoandaa ritani kwa kuanzia mwaka wa faida na kurudi nyuma ndio wanaojichongea, kwa kuwa namba hazikutani na afisa anayezipitia anapata sababu halali ya kuzikataa.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja yangu ni zito, na historia yetu inalipa nguvu. Watasema: hasara ndiyo maficho makubwa ya wakwepa kodi, na hasara inayotangazwa miaka mitatu baadaye, mara tu baada ya faida kuonekana, inanuka. Tanzania ina sababu ya kuwa na hofu hiyo. Mwaka 2016 Baraza la Rufani za Kodi lilitoa uamuzi dhidi ya kampuni ya dhahabu iliyojulikana kama African Barrick Gold, baadaye Acacia, iliyokuwa imeandikishwa katika soko la hisa la London. Ilikuwa imewalipa wanahisa wake gawio la mamia ya mamilioni ya dola katika miaka ambayo migodi yake nchini ilikuwa ikitangaza hasara. Baada ya hapo neno hasara likawa karibu sawa na neno wizi masikioni mwa wananchi wengi, na sheria zilizofuata zikabeba hasira hiyo. Naielewa hasira hiyo, na naamini ilikuwa ya haki. Lakini tuangalie kilichowezesha jambo lile kugunduliwa: hesabu zilikuwapo, ritani zilikuwapo, wakaguzi wakaweka namba za gawio kando ya namba za hasara na kuuliza swali. Silaha dhidi ya hasara ya uongo ni ukaguzi, na ukaguzi unahitaji karatasi ya kukaguliwa. Hofu iliyozaliwa na kampuni yenye wanahisa London imeshuka hadi kwa mkamuaji wa Kiomboi, Iramba, ambaye gawio lake pekee ni ada ya shule ya watoto, na huko haina kazi ya kufanya. Sheria kwa vyovyote inamtwika mlipakodi mzigo wa kuthibitisha. Mwacheni aubebe.

Na je, anaweza kuubeba? Hapa nakubali kwamba kuna tatizo la kweli, ambalo linastahili kujadiliwa kwa undani kuliko linavyojadiliwa. Gharama kubwa ya kiwanda cha alizeti ni mbegu, na mbegu hununuliwa kwa wakulima ambao hawana mashine za kielektroniki za kutolea risiti (EFD). Mauzo ya mkamuaji yanaacha alama kwenye risiti, manunuzi yake mara nyingi yanaacha alama kwenye daftari la mzani tu. Afisa wa kodi anayeona mauzo yenye risiti na manunuzi yasiyo na risiti atakataa manunuzi, na hasara itageuka faida mezani. Lakini Singida kuna ushahidi mwingine ambao hauko mikononi mwa mwenye kiwanda na kwa hiyo si rahisi kuuchezea. Halmashauri hutoza ushuru wa mazao kwa mnunuzi na kutoa stakabadhi. Stakabadhi hizo zinaonyesha nani alinunua, kiasi gani, kutoka wapi. Kuna pia kodi ya zuio ya asilimia 2 kwenye malipo ya mazao, na aliyeizuia na kuiwasilisha ana kumbukumbu ndani ya mfumo wa TRA yenyewe. Umeme haudanganyi: mashine ya kukamua inakula kiasi kinachojulikana kwa kila gunia, na manunuzi ya umeme ya mita ya kiwanda yanaweza kuonyesha ni miezi mingapi mashine ilifanya kazi na mingapi ililala. Taarifa za benki zinaonyesha mkopo na riba. Hata mashudu yana hesabu yake, kwa kuwa kila tani ya mbegu huacha uwiano fulani wa mafuta na mashudu, na mfanyabiashara anayedai alinunua mbegu nyingi kuliko mafuta na mashudu aliyouza atanaswa hapo hapo. Afisa anayeijua biashara ya alizeti anaweza kupima ukweli wa hasara ya miaka mitatu iliyopita ndani ya siku chache. TRA ya mkoa ingetengeneza mwongozo mfupi wa ushahidi unaokubalika kwa wakamuaji wa alizeti, na mwingine kwa wafanyabiashara wa vitunguu wanaopakia malori soko la Misuna, migogoro mingi ingekwisha kabla haijaandikiwa barua ya pingamizi.

Pingamizi la pili ni la haki: vipi kuhusu aliyewasilisha ritani zake kwa wakati, akalipa mhasibu katika mwaka ambao hakuwa na kitu, huku jirani yake akilala? Tukimlainishia aliyechelewa, tunamfundisha aliyewahi kwamba alijisumbua bure. Hoja hii ina uzito zaidi kwa kuwa tumekwisha kujaribu njia ya msamaha. Mwaka 2018 Serikali ilitoa msamaha maalumu wa riba na adhabu kwa asilimia 100 kwa walipakodi waliojitokeza na kukubali kulipa kodi ya msingi. Ulileta watu mezani, na pia uliacha tabia ya kusubiri msamaha mwingine. Ndiyo maana siombi msamaha. Adhabu ya kuchelewa ibaki, na ilipwe. Ninachoomba ni iwe na kikomo pale ambapo ritani haionyeshi kodi yoyote ya kulipa. Kwa mfano, adhabu ya ritani moja ya hasara isizidi ile ya miezi sita. Kampuni yetu ingelipa milioni 4 na elfu 50 kwa ritani tatu, kiasi kinachouma vya kutosha kumfanya mwenyewe aiheshimu Juni 30 ijayo, na ambacho hakimsukumi mafichoni. Aliyewahi bado yuko mbele: hakulipa chochote, na hasara zake zilikwisha kutambuliwa bila mabishano. Tofauti kati ya wawili hao inabaki, ila inakuwa na kipimo.

Wapo pia watakaosema kwamba kufungua mlango wa hasara za zamani ni kuiweka hatarini bajeti ya Serikali, kwa kuwa hakuna ajuaye ni hasara kiasi gani zimelala madaftarini. Hofu hii inaweza kutulizwa kwa kuweka mpaka wa muda. Majirani zetu wamekwenda mbali zaidi: Kenya, kupitia Sheria yake ya Fedha ya 2025, imepunguza muda wa kupeleka hasara mbele hadi miaka 5, na Uganda tangu 2023 inamruhusu mwenye hasara ya zaidi ya miaka 7 mfululizo kutumia nusu tu ya hasara hiyo. Sipendekezi tuwafuate katika kuipunguza haki yenyewe, maana kiwanda kinachotegemea mvua kinaweza kuhitaji zaidi ya miaka mitano kusimama. Lakini kwa ritani zilizochelewa peke yake, mpaka wa miaka 5 ni wa busara na tayari una mizizi katika sheria zetu, kwa kuwa ndio muda ambao mlipakodi anatakiwa kutunza kumbukumbu zake. Hasara ya ndani ya muda huo inaweza kukaguliwa. Ya nje ya hapo, mwenye nayo alijinyima mwenyewe. Marekani, ambayo si nchi ya kulegeza mambo ya kodi, humnyima aliyechelewa zaidi ya miaka mitatu marejesho ya kodi ya mwaka ule, lakini hasara ya biashara ya mwaka huo akiithibitisha huendelea kuhesabika katika miaka ya mbele. Kule wametenganisha mambo mawili ambayo sisi, kwa nguvu ya adhabu, tumeyafunga pamoja.

Niseme neno kuhusu wadogo zaidi, ambao hesabu hizi zote haziwagusi. Mtu binafsi ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka huingia kwenye kodi ya makadirio, na kwa viwango vilivyowekwa 2022, mwenye mauzo kati ya milioni 11 na milioni 100 hulipa asilimia 3.5 ya mauzo. Kodi hiyo haijui hasara. Aliyeuza vitunguu vya milioni 60 akala hasara atalipa milioni 2 na laki 1, na hasara yake itaishia pale pale, haiendi mwaka ujao. Mfumo huu una faida ya urahisi na siupingi. Lakini sheria inamruhusu mtu kuuacha na kutozwa kwa hesabu zake halisi, na wachache sana wanaelezwa hivyo wanapofika kaunta kukadiriwa. Mkamuaji anayejua kwamba ananunua mashine mpya na kwamba miaka miwili ijayo itakuwa migumu angepaswa kuambiwa mapema, kwa maneno mepesi, kwamba akibaki kwenye makadirio hasara hizo hazitamfaa kamwe.

Kinachohitajika hakihitaji mapinduzi ya kodi. Rais Samia Suluhu Hassan aliunda mwaka 2024 Tume ya kuangalia maboresho ya kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue, baada ya migomo ya wafanyabiashara iliyoanzia Kariakoo, na miongoni mwa malalamiko yaliyosikika wakati ule yalikuwamo ya adhabu kubwa. Marekebisho ya kifungu cha adhabu ya ritani yanaingia kwenye aya moja ya Muswada wa Fedha: kikomo cha miezi sita kwa ritani isiyo na kodi ya kulipa, na tamko la wazi kwamba hasara iliyotangazwa ndani ya miaka 5 haikataliwi kwa sababu ya kuchelewa peke yake. Kwa upande wao, wenye viwanda wasisubiri Dodoma. Adhabu inaongezeka kila mwezi, pamoja na mwezi huu. Anayejua ana miaka miwili au mitatu ambayo haikuwasilishwa aanze leo na ule wa zamani kabisa, aende halmashauri kuomba nakala za stakabadhi za ushuru, achukue taarifa za benki na za umeme, na apeleke ritani zote kwa mfuatano wake. Akikataliwa hasara, ana siku 30 za kuweka pingamizi kwa Kamishna Mkuu, kisha kuna Bodi ya Rufani za Kodi, na kwa malalamiko ya namna alivyohudumiwa ipo Taasisi ya Usuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi. Siku hizo 30 huanza kuhesabiwa tangu anapopokea uamuzi, na anayeweka pingamizi hutakiwa kulipa kwanza theluthi moja ya kodi iliyotathminiwa au kiasi asichokibishia, kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili, kwa hiyo fedha za hatua hiyo zitengwe kabla ya kununua gunia la kwanza la msimu.